Ile nyumba ya kona: tusikimbilie kulipa

Habari zenu wanakikundi. Asanteni mliofika kuiona nyumba. Wengi mmeipenda, na mimi pia: vyumba vina hewa, maji yapo, barabara iko mlangoni.

Kinachonitia wasiwasi ni ule ufa wa chumba cha nyuma. Nyufa nyembamba kama unywele ni kawaida, lipu ikikauka husinyaa. Lakini huu unaanzia pembe ya dirisha, unapanda kimshazari, na kadiri unavyopanda unazidi kupanuka. Mara nyingi hiyo ni dalili ya msingi kutitia, na kukarabati msingi kunaweza kumeza akiba yetu yote. Tena ni ukuta huo peke yake uliopakwa rangi mpya!

Naomba tumlete mhandisi wetu wenyewe, si wa muuzaji, kabla ya kutoa hata arubuni. Hati nayo tuikague ofisi ya ardhi: jina la mmiliki, na kama nyumba imewekwa rehani. Ufa tunaweza kuutumia kupunguza bei. Hati ikiwa na mgogoro, mimi nasema tuachane nayo kabisa.

Anayemjua mhandisi mzuri aniandikie leo, tafadhali.