YAH: HEDSETI YA VR MLIYONIUZIA IKIWA IMEUNGUA, NA MANENO NILIYOAMBIWA KAUNTA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu, Dar es Salaam.

Habari za kazi. Naandika kwa heshima ila hasira ninayo na sitaificha, mnisome hivyohivyo.

Ninachotaka sio kikubwa. Nataka Quest 3S nyingine, ile hedseti ya VR, miwani mikubwa unayoivaa ukajiona upo ndani ya gemu, mpya, boksi halijaguswa, au mnirudishie 1,480,000 yangu. Sera yenu ya siku saba mnaijua wenyewe, imebandikwa pale juu ya kaunta ya tawi lenu la Dodoma, na mimi nimerudi kabla hata masaa 15 hayajaisha.

Jumamosi saa tatu asubuhi nimefika dukani na mdogo wangu wa form two, yeye ndo kabeba boksi. Nikamwambia kijana wa kaunta, samahani kaka, hii hedseti ina madoa kwenye skrini. Akaivaa, akaivua. Hakuuliza nimenunua lini, hakuomba risiti, akainyanyua juu wateja wote waione akasema "Wagogo bwana, mtu ananunua kitu cha watu halafu anakianika juani kama mlenda." Watu wakacheka. Mlinzi wenu naye akacheka. Nikajaribu kueleza, akaniambia nitoke mlangoni nisizibe njia ya wateja.

Jua gani jamani? Nimelipa kwa lipa namba yenu Ijumaa, ujumbe upo kwenye simu mpaka leo, saa 1:12 usiku. Nimepanda bajaji mpaka Nkuhungu giza limeshaingia. Asubuhi imetoka ndani ikiwa kwenye boksi, boksi kwenye begi. Hiyo hedseti tangu iwe mikononi mwangu haijaona jua hata la dakika moja, sasa aniambie nimeianika wapi, kwenye mbalamwezi?

Na hilo la jua ni kweli, ndo maana linaniuma. Madoa yale ni ya jua, sibishi, na mtu yeyote anayependa VR anayajua. Lenzi za hedseti ni kama ile kioo ya kukuzia tuliyokuwa tunachomea karatasi shule ya msingi, ukiigeuza ikaangalia jua, mwanga wote unakusanywa kwenye kinukta kimoja juu ya skrini na skrini inaungua, haichukui hata dakika. Ndo maana mwongozo unaokuja na boksi unakataza kabisa, na sisi wenyewe tukimaliza kucheza tunaifunika au kuigeuza lenzi ziangalie chini. Doa likishatokea halifutiki. Kwangu ni mstari wa manjano na vinukta vitatu vyeusi jicho la kulia, kwenye gemu la giza unaweza usivione lakini ikija sehemu nyeupe tu, vipo, vinakufuata kila unapogeuza kichwa.

Sasa nani aliianika? Wiki mbili kabla ya kununua nilipita dukani kwenu nikaiona kwenye kabati la kioo linaloangalia barabarani, imevalishwa kwenye kichwa cha plastiki, ila imevalishwa kinyumenyume, lenzi zimeangalia nje. Nilifurahi sana kuona Dodoma sasa zinauzwa nikaipiga picha nikawatumia wenzangu. Picha inaonyesha saa 9:47 alasiri na jua linaonekana kabisa limepiga kwenye kioo, kabati hilo limeangalia magharibi. Jua la Dodoma la alasiri mnalijua nyie mlioko Dar? Huku zabibu zinakauka zikiwa kwenye mti. Kumbe kile nilichokuwa nakipiga picha ndo changu kinaungua.

Usiku ule wa Ijumaa nilishaanza kushtuka. Hedseti mpya ukiiwasha mara ya kwanza inakupa namba ya kuunganisha na simu, unaingiza akaunti yako, unachora mipaka ya chumba usije ukagonga ukuta, ndo unaanza. Hii nimeiwasha imefunguka moja kwa moja, ina akaunti ya mtu, ina gemu la Beat Saber la majaribio limeshachezwa na alama zimejaa. Sponji ya usoni inanuka manukato. Gundi ya boksi ipo mara mbili, ya juu ni ile soteipu ya dukani. Nilivyouliza Ijumaa kwanini tusiijaribu hapohapo niliambiwa mpya huwa hazina chaji. Na mimi nikaamini maana niliwaamini nyie.

Sijui kama mnaelewa maana ya kununua kitu hiki kwa mtu wa huku. Mi nimeanza na ile ya karatasi ya boksi unayotumbukiza simu, kichwa kinauma baada ya dakika tano, nikasema ipo siku. Wapenzi wa VR tunaofahamiana hapa mjini hatuzidi kumi na tunabishana kila wiki. Mmoja anasema PS VR2, hedseti ya PlayStation, ndo mpango mzima kwa sababu ya skrini zake za OLED, nyeusi inakuwa nyeusi kweli, sawa, lakini inataka PS5 au kompyuta yenye adapta yake, na ina waya. Mwingine anasema bila kompyuta yenye nguvu ukacheza gemu la Half-Life: Alyx hujaijua VR, na hilo nalo nakubali, ile ya 2020 mpaka leo hatujaona ya kuifikia. Wengine walinisihi niongeze hela nichukue Quest 3 yenyewe, lenzi zake nyembamba na picha safi mpaka pembeni. Mi nikachagua 3S nikijua kabisa, lenzi ni za aina ya zamani na pikseli ni 1832 kwa 1920 kila jicho kama Quest 2, ila prosesa ni ileile ya Quest 3 na gemu ni zilezile, haina waya, haitaki kompyuta, umeme ukikatika unacheza na chaji yake kama masaa mawili hivi. Nimeweka hela miezi kumi na moja. Mdogo wangu nilimwahidi akifanya vizuri mtihani atakuwa wa kwanza kuivaa na alifanya vizuri, akaivaa, kitu cha kwanza alichosema ni "Kaka mbona kuna uchafu?" Nikaifuta lenzi mara tatu.

Narudi pale kaunta kwa sababu kuna jambo sijamalizia. Kijana wenu baada ya kusema aliyosema aliichukua akaingia nayo nyuma, dakika kumi, akarudi anasema "hii haina akaunti ya mtu yeyote, ipo kama ilivyotoka kiwandani." Ameiriseti! Amefuta kila kitu. Bahati nzuri usiku nilipiga picha kupitia lenzi, jina la akaunti linasomeka, na lile jina ndo lililoandikwa kwenye kitambulisho alichovaa kifuani. Nilimwonyesha hapohapo, ndipo alipoacha kucheka na kuanza kunifukuza.

Na yale maneno. Nataka mjue yalivyosemwa. Ameinyanyua hedseti kwa mkono mmoja kama mtu anayenadi mitumba, duka lina watu kama nane, kasema kwa sauti, Wagogo bwana, kama mlenda. Labda alitusikia mlangoni tukiongea Kigogo. Kuna mama alikuwa ananunua simu akacheka mpaka akajifunika mdomo. Mdogo wangu bado kashika boksi tupu, hakujua aliweke wapi. Mtu mzima mmoja tu ndo alisema "usimwambie hivyo mwenzio", na huyo hata sio mfanyakazi wenu. Mlenda nimelelewa nao, mama yangu anauanika mpaka leo na sijawahi kuuonea aibu, ila mdogo wangu kwenye bajaji tunarudi aliniuliza "Kaka, kwani amejuaje sisi Wagogo?" na mimi mtu mzima sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo naomba lile la juu nilifute. Hedseti nyingine sitaki tena, sitaweza kuivaa kitu kilichotoka kwenye lile duka. Nataka 1,480,000 yote, pamoja na 12,000 ya bajaji nilizopanda kwa ajili yenu. Na nataka yule kijana amwombe radhi mdogo wangu palepale kaunta, mchana, watu wakiwepo. Kwa simu hapana.

Nawapa siku saba, zilezile za kwenye karatasi yenu. Zikipita nakwenda Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 hairuhusu kumdanganya mteja na kuuza kitu cha maonyesho mkaita kipya ni kumdanganya. Na nikitoka hapo napita TRA na hii risiti mliyoniandikia kwa kalamu, milioni moja na nusu kasoro kidogo bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mkawaeleze wao mashine ilikuwa wapi. Picha zote tatu wenzangu wanazo, kabati, doa na jina, na mmoja wao anazichapisha siku ya nane asubuhi hata mimi nikimkataza.

Hiyo kabati mwiangalie pia, nimepita jana kuna nyingine imewekwa vilevile, lenzi nje.

Boksi ninalo, soteipu ya pili sijaibandua. Namba yangu mnayo.

Mteja wenu,
Nkuhungu, Dodoma.