Mthamini hata geti hakuingia

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya wathamini, wale wanaokadiria bei ya nyumba na ardhi, wanaoazimisha sahihi na mihuri kwa watu wasiosajiliwa, nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea mama mkwe kwa sauti. Nimenyamaza tangu 2021 kwa sababu mji wetu wa Busia, huku mpakani upande wa Uganda, ni mdogo, ukisema benki ilitaka kuuza nyumba yako basi sokoni hakuna atakayekupa mzigo kwa mkopo tena. Lakini mliandika kama vile haya ni mambo ya Kampala, ya watu wa maghorofa wenye mawakili wao. Hata sisi wa Busia yametupata.

Mimi nauza mukene, wale dagaa wa ziwani, navusha upande wa Kenya. 2018 nilichukua loni ya benki, shilingi milioni 40 za Uganda, dhamana ikawa nyumba yetu kwenye plot ya futi 50 kwa 100 yenye hati. Nililipa vizuri hadi Machi 2020, mpaka wa Kenya ulipofungwa kwa korona, malori yakaendelea kupita lakini sisi wa kuvuka kwa miguu tukakaa nyumbani na magunia yetu yakaoza. Deni likabaki. Sikatai, deni ni langu na sikuandika hapa kuomba kusamehewa.

Shida yangu ni ripoti. Wakati benki inajiandaa kuuza, ilituma kampuni ya uthamini kutoka kwenye orodha yake, kwa sababu mteja huruhusiwi kuchagua, wewe unakatwa pesa tu. Alikuja kijana mmoja na boda, akasimama nje ya geti, akaniuliza "mama, vyumba vingapi?" nikamwambia karibu uingie uone, akasema ana haraka anaenda Malaba, akapiga picha mbili na simu, akaondoka. Hata boda hakuizima. Nyuma ya ile nyumba kuna mizigo minne, yaani vile vyumba vya kupangisha, niliyojenga 2019, kila mmoja laki moja kwa mwezi, kuna tangi, kuna choo cha wapangaji, hakuna alichoona. Wiki tatu baadaye naambiwa nyumba yangu ni milioni 62 na wakilazimika kuuza haraka ni milioni 40. Nikaomba nakala ya ripoti, ofisa wa mikopo akasema ripoti ni mali ya benki. Nikaenda kwenye kampuni yenyewe, wakasema mteja wetu ni benki, mama, sisi na wewe hatuna mkataba. Sasa pesa ya kuwalipa ilitoka wapi? Si imeongezwa kwenye deni langu! Wakili mmoja kijana wa Tororo ndiye aliyenipatia nakala kwa barua kali, na nilipofungua ukurasa wa saba, Mhariri, nilikaa chini. Picha ilikuwa ya nyumba ya jirani yangu Hajati. Mabati yake mekundu, mpapai wake, na chini pameandikwa jina langu na namba ya hati yangu. Na mwishoni kuna sahihi na muhuri wa mzee mmoja, mthamini aliyesajiliwa, ambaye mpaka leo sijamwona kwa macho, na nina uhakika yeye pia hajawahi kuiona Busia yangu.

Wakili akanieleza kwamba Kanuni za Rehani za 2012 zinaitaka benki kabla ya kuuza ifanye tathmini, ioneshe thamani ya soko na ile bei ya kuuza kwa kulazimishwa, na ripoti isiwe imepitisha miezi 6. Benki ilitimiza hayo yote. Tarehe ilikuwa mpya kabisa, nyumba ndiyo haikuwa yangu.

Nikakopa kwa kaka zangu nikalipa mthamini mwingine. Huyo alikaa saa tatu. Alipima kila ukuta kwa tepu, aliuliza wapangaji wanalipa ngapi, akaenda ofisi ya ardhi Tororo kuangalia hati ina jina la nani, kisha akazunguka mtaa kuuliza plot za karibu ziliuzwa bei gani mwaka ule. Akatoa milioni 118. Mimi sikusoma sana lakini naelewa kwamba wathamini wawili wanaweza kupishana, huyu akaona milioni 110 na yule 120. Kutoka 62 mpaka 118 huko sio kupishana, huko mmoja hakufanya kazi. Mnada ukasimamishwa, lakini ili nimalize deni niliuza shamba la marehemu baba kule kijijini, na kwa haraka ile nililipwa kidogo.

Ndio maana ile sentensi yenu kwamba "Bodi ichukue hatua", yaani Bodi ya Usajili wa Wapimaji, imeniudhi. Sheria yetu ya Usajili wa Wapimaji ni ya 1974, inawaweka wapima ardhi, wathamini na wakadiriaji majenzi kwenye chungu kimoja. Bodi inaweza kumfuta mtu kwenye rejista, sawa, lakini yule kijana wa boda hayumo kwenye rejista, utamfutaje? Anayetakiwa kushikwa ni mzee mwenye muhuri, kwa sababu bila muhuri wake ile karatasi ni ya kufungia mandazi. Tanzania wana sheria ya wathamini peke yao tangu 2016 na bodi yao, Kenya pia wana bodi ya wathamini. Sisi tunaoishi mpakani tunaona.

Na tukiwa hapo hapo, hebu mtume mwandishi aulize habari za fidia za wanaochukuliwa ardhi kwa ajili ya barabara. Mjomba wangu alikatiwa miembe na kahawa. Katiba kifungu cha 26 inasema ulipwe haraka, fidia ya haki na ya kutosha, kabla hujachukuliwa ardhi. Bodi ya ardhi ya wilaya ndiyo inayoweka bei za mazao na sheria inasema ile orodha ipitiwe kila mwaka. Mjomba aliuliza orodha iliyotumika ni ya mwaka gani, hakuna aliyemjibu. Juu ya fidia kuna asilimia 15 ya usumbufu, na ni 30 kama umepewa notisi ya kuhama chini ya miezi 6, yeye hakujua, alitia dole gumba tu. Mwembe wa miaka thelathini unalisha ukoo mzima halafu mtu anauandika kwenye fomu kama mti wa kuni!

Nachotaka ni hiki. Kila ripoti ya tathmini iwe na picha ya huyo huyo mwenye muhuri, amesimama NYUMA ya nyumba, karibu na choo, sio barabarani, pembeni yake mwenye nyumba ameshika kitambulisho. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aandike kwenye daftari saa aliyofika na saa aliyoondoka, na ikiwa chini ya saa moja benki iikatae hiyo ripoti. Mwenye nyumba apewe nakala siku ile ile benki inapopewa, kwa sababu yeye ndiye amelipia, na apewe wiki mbili za kupinga kabla tangazo la mnada halijaenda gazetini kwenu. Ndiyo, kwenu, maana yale matangazo mnayachapa kila wiki na mnalipwa, basi kabla hamjachapa muulize kama picha ni ya nyumba yenyewe.

Mfanyabiashara wa mukene,
Busia