Kabla hujaja kugomba kuhusu kutu

Juzi tena mteja wa Kirumba, Mwanza, kaniwekea pulii ya kasti (chuma cha kumimina) juu ya benchi, ile ya kuvutia boti nchi kavu. "Fundi, umenilia hela. Nimelipia kugumishwa, mbona imeshika kutu?" Nikapitisha kidole kwenye mfereji wa waya: haujalika hata kidogo. Kutu ilikuwa pembeni, kweli.

Jamani, alilipia kugumisha. Moto wa gesi unapasha uso mpaka uwe mwekundu, nyuzi 850 hivi, kisha unapozwa ghafla. Hapo kasti haisagiki upesi. Ila ndani ya kasti ya kijivu kuna vipande vya kaboni, jamii ya ile ya ncha ya penseli, na moto wangu hauviondoi. Maji yakifika, kaboni na chuma vinakuwa kama betri ndogo, na kinacholiwa ni chuma. Niliwahi kukwangua ganda la pampu kuukuu kwa kisu, likakatika kama sabuni, vidole vikawa vyeusi tii. Umbo zima, chuma hakuna.

Wenye mashine za leza, yaani mwale mkali wa mwanga, huyeyusha uso wenyewe. Ukiganda haraka, kaboni haipati nafasi ya kurudi kuwa vipande, na uso huo huvumilia kutu zaidi. Mimi sina leza. Nina gesi, oili na tanuri.

Halafu kuna wanaokimbia bei yangu. Fundi wa kuchomelea anapiga moto dakika mbili, anachovya kwenye ndoo ya maji ya ziwa, anapokea chake. Kasti ikizimwa kwa maji hupasuka kirahisi, nyufa nyembamba kama unywele. Magamba meusi ya moto nayo yakiachwa yanabanduka, kutu inachimba chini yake. Nililetewa ganda la pampu ya bustani ya nyanya kutoka Magu, limefanyiwa hivyo: ufa kuanzia tundu la bolti hadi mdomoni. Akanunua jipya.

Mimi napasha taratibu, nazima kwa oili, narudisha tanurini nyuzi 200 kupunguza mkazo, kisha brashi ya waya. Hiyo ni siku nzima na mkaa wake. Kinga ya kutu ni kazi nyingine: praima (rangi ya kwanza ya chini) na rangi ya epoksi pasiposuguana, grisi panaposuguana, na ina bei yake.

Ile pulii nimeipaka bure, maana siku ile sikumweleza. Sasa naandika kwenye risiti: "kugumisha tu" au "kugumisha na rangi".