Barua ya malalamiko: trei ya skana yenu imekwaruza negativu za marehemu baba

Mkomani,
Lamu.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi Meneja,

MINT: SKANA YA FILAMU NILIYOINUNUA KWENU, NA JIBU NILILOPEWA

Hii ni mara ya pili kuwaeleza jambo hili. Mara ya kwanza nilipiga simu, nikajibiwa kwa ujumbe wa mistari mitatu kwamba filamu za zamani huwa na mikwaruzo, na kwamba niwashe kitufe cha kuondoa vumbi. Jibu hilo silikubali, na naomba mtu mwenye madaraka aisome barua hii mpaka mwisho.

Marehemu baba alikuwa akipiga picha hapa Lamu tangu miaka ya 1970, na nyingi akizisafisha mwenyewe chumbani, dirisha limezibwa kwa blanketi. Ametuachia mikebe miwili ya bati yenye negativu za milimita 35, nyeusi na nyeupe, na kijisanduku cha slaidi za rangi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na filamu ikishaingia kuvu haiponi. Kwa hivyo tulikubaliana nyumbani kwamba zihifadhiwe kwenye kompyuta mapema. Kuzipeleka mjini kwa basi hatukutaka, maana zikipotea njiani hakuna nyingine. Ndipo nikanunua mashine yenu kwa shilingi 24,500, ikaja hadi Mokowe kisha ikavushwa kwa boti.

Nilifanya kila kilichoandikwa kwenye kijitabu chenu. Nilivaa glavu za pamba, nikapuliza vumbi kwa kipulizo cha mpira, nikahakikisha upande usiong'aa, wenye utando wa picha, umetazama chini kama mlivyoelekeza. Kisha nikausukuma mkanda ndani ya trei, picha baada ya picha. Mikanda minne ilipita hivyo, yaani picha 24, kabla sijakaa kuzikuza kwenye kompyuta.

Katika mmojawapo kuna babu, fundi wa majahazi kule Matondoni, ameinama chini ya chombo karibu na mkuku akipiga kalafati, yaani akiziba mianya ya mbao kwa pamba. Nyundo iko hewani, na pamba ya kalafati inaning'inia kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Ndiyo picha pekee tuliyonayo ya babu akiwa kazini. Sasa mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umepita kwenye paji lake la uso ukaendelea hadi ukingoni. Nikafungua picha inayofuata, mstari uko pale pale. Inayofuata, pale pale. Mikanda yote minne ina mstari huo huo kwa kimo kile kile, umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Uzee wa filamu hauchori hivyo. Mikwaruzo ya bati na ya vidole huenda ovyo, huu unafuata urefu wa mkanda. Tena ni mweusi, maana yake utando wenyewe umechunwa kwenye negativu, pakabaki peupe, na peupe pa negativu hutoka peusi kwenye picha. Na kuna ushahidi mwingine: picha ya karatasi ya babu, aliyoisafisha baba kutoka negativu hiyo hiyo, iko ukutani kwetu hadi leo. Haina mstari.

Nikachukua kipande cha pamba nikakipitisha taratibu ndani ya trei. Nyuzi zikanasa upande wa kushoto, karibu na mlango wa kuingizia. Nilipomulika kwa tochi ya simu na kutazama kwa kioo cha kukuzia, nikaona kichomozo cha plastiki kilichoachwa tangu kiwandani, kidogo kuliko punje ya chumvi. Mtu mmoja angepitisha kidole kabla ya kufunga boksi, hili lisingetokea.

Ama hicho kitufe cha kuondoa vumbi, ushauri wenu ulinisikitisha zaidi. Kinatumia mwangaza wa infraredi, usioonekana kwa macho. Kwenye filamu nyingi za rangi, chembe za madini ya fedha huondolewa wakati wa kusafisha filamu kwa dawa, infraredi ikapita bila kizuizi isipokuwa penye vumbi au mkwaruzo, na hapo programu hujua pa kuziba. Lakini kwenye filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe picha yenyewe ni fedha, nayo huzuia infraredi. Nilipokiwasha, programu iliyaona macho ya babu kuwa uchafu ikayapaka. Na boksi lenu limeandikwa kwamba kinafaa kwa “filamu za aina zote”. Si kweli, na mnaouza mashine hizi mnapaswa kulijua hilo.

(Boksi hilo hilo linasema megapikseli 22, na ndani ya kijitabu, kwa herufi ndogo, kihisi ni cha 14. Hilo nalo lirekebisheni.)

Slaidi sijathubutu kuziingiza. Nyingine ni Kodachrome, filamu iliyoacha kutengenezwa mwaka 2009.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kwa hivyo nadai nirudishiwe fedha zangu zote pamoja na nauli ya mzigo. Nadai mlipie kazi ya fundi wa picha atakayeziba mistari hiyo kwenye picha 24, moja moja kwa mkono. Na hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko fedha: wapigieni simu wote walionunua mashine hizi, muwaambie wasiingize filamu kabla ya kupitisha pamba kwenye trei. Wako watu wengine wenye bati kama zetu.

Nawapa siku 14. Nambari yangu iko kwenye risiti niliyoambatisha, pamoja na nakala ya picha ya babu kabla na baada. Negativu zenyewe hazitoki nyumbani. Mashine nimeirudisha ndani ya boksi lake bila kuisafisha. Nyuzi za pamba bado zimenasa pale pale kwenye trei, mje mzione.

Wenu,
Mteja, Mkomani