Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka tulioumaliza

Wanachama wenzangu, wazazi, na nyie vijana wetu mnaoendelea na dozi, shikamooni wakubwa na wengine habari zenu. Mambo ya hela mhazini atayasoma mwenyewe, mimi naenda moja kwa moja kwenye kilichotuumiza mwaka huu, yani hawa watoto wetu wanaotoka gerezani.

Mnajua tulikotoka. Kabla hospitali ya Muhimbili hawajaanza kutoa methadoni, hii dawa ya kunywa ya kumtoa mtu kwenye heroini, Februari 2011, teja wa Dar akifungwa kwa wizi alikuwa anatoka na kuiba tena, maana arosto, yani yale mateso ya mwili kukosa unga, ikimshika haogopi hakimu wala mama yake, anabeba hata sufuria ikiwa jikoni. Baadae ikaja Mwananyamala, ikaja na Temeke. Na bado kuna wazazi wananiambia mwenyekiti si mnabadilisha unga kwa unga mwingine tu. Hapana jamani. Heroini inakata baada ya masaa machache ndo maana anahangaika kutwa mara tatu nne kutafuta kete, methadoni inamshika siku nzima bila kumlevya akiwa kwenye dozi yake, analala, anakula, anaweza kushika kazi. Nimewasindikiza wengi pale dirishani, kijana anasema jina, anapewa kikombe kidogo, anakunywa mbele ya nesi, anapewa maji, anaongeleshwa kidogo ionekane amemeza, basi. Dakika mbili, halafu siku nzima hana sababu ya kuiba.

Lakini mwaka huu tumezika. Kijana wetu mmoja alikamatwa, huko ndani dozi yake ikakatika, tulipeleka kadi yake tukaambiwa turudi kesho, kesho ikawa wiki. Ametoka Ijumaa, jioni washikaji wa zamani wakampa kiasi kilekile alichokuwa anatumia zamani, na mwili ukikaa bila hivyo vitu unasahau, kile ulichokuwa unakihimili kinakuja kuzima pumzi. Mama yake alikuwa amempikia. Hizi wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka ndo za hatari kuliko zote na sisi hatukuwepo getini, hilo nalibeba mimi kama mwenyekiti.

La pili, tumekosea kudhani dawa inatosha. Hela zetu karibu zote tumelipa nauli za kwenda kunywa dozi, vikundi vya maongezi vikafa toka mwezi wa tano. Dawa inatuliza mwili, ila kijana aliyeishi kwa kukaba watu miaka kumi akikasirishwa bado anajua njia moja tu. Wenzetu Liberia, pale Monrovia, walichukua vijana 999 wa mtaani, wezi, wauza unga, wengine walipigana vitani. Kuna waliopewa wiki 8 za tiba ya kubadili fikra, kuna waliopewa dola 200, kuna waliopewa vyote, na wengine hawakupewa kitu. Kwenye vikundi walijifunza kujizuia hasira, kuoga na kuvaa vizuri, halafu wakatumwa waingie benki na madukani wazoee kuongea na watu kama raia wengine. Baadhi ya walimu wao nao walishapitia mafunzo hayohayo. Miaka kumi baadae waliopata maongezi pamoja na hela, uhalifu wao ulikuwa kama nusu ya wale waliokosa vyote. Waliopata hela peke yake hawakufika huko. Mi naona hilo linatuhusu kabisa, na sisi hapa tunao vijana wenye miaka mingi kwenye dozi ambao wanaweza kuwashika wenzao mkono.

Kwa hiyo naomba kikao kipitishe mambo mawili. Kila familia yenye mtu ndani itupe tarehe yake ya kutoka, watu wawili waende getini asubuhi hiyo na wampeleke kliniki kabla hajafika nyumbani, wasimpe dozi ya zamani bali daktari aanze naye upya. Na vikundi virudi kila Alhamisi jioni, theluthi ya hela ya nauli iende huko. Mama wa marehemu yupo hapa leo, amesema yeye ataanza na zamu ya kwanza ya getini, Jumatatu hii.