Ameacha kibarua chako, hajaacha kulima

Mhariri,

Kuna barua mlichapisha siku chache zilizopita, mwandishi analalamika ati tangu watu wa vijijini waanze kutumiwa pesa za msaada kwa simu wamekuwa wavivu, ukimwita mtu aje akulimie anakuambia leo hana nafasi. Nilisoma nikacheka kwanza halafu nikaudhika, manake huyo bwana amejijibu mwenyewe na hajui. Hakusema watu wameacha kulima. Alisema wameacha kumlimia yeye.

Wacha nieleze vile mambo huenda kwa familia ambayo haina kitu ila shamba dogo. Mvua ikianza kila mtu anatakiwa awe shambani kwake siku hizo hizo, ukichelewa kupanda wiki mbili ushapoteza sehemu ya mavuno hata kabla mbegu haijaota. Na ni msimu huohuo ambapo chakula cha mwaka jana kimeisha. Sasa baba na mama wanaamka alfajiri wanaenda kulima kwa mtu ndio wapate ya kula jioni, wanarudi wamechoka, shamba lao linangoja, kesho hivyo hivyo. Wanapanda wamechelewa, wanapalilia magugu yashafika kiunoni, wanavuna kidogo, na kwa sababu wamevuna kidogo chakula kinaisha mapema na mwaka unaofuata wanarudi kwa yule yule. Naye anakaa anashangaa mbona hawa watu hawaendelei!

Hii si stori yangu tu. Huko Chipata, Zambia, watafiti walikopesha familia za wakulima pesa au mahindi wakati wa njaa, walipe baada ya kuvuna. Matokeo yalichapishwa 2020. Waliopata mkopo walipunguza kwenda vibarua, wakaongeza saa kwenye mashamba yao wenyewe, mavuno yakapanda, na malipo ya kibarua kijijini yakapanda pia kwa sababu waliobaki wakitafuta vibarua walikuwa wachache. Na huo ulikuwa mkopo, si zawadi. Kwenye mipango ya serikali za Zambia na Malawi ya kupatia familia maskini pesa taslimu watafiti waliona kitu kile kile, watu wanahama kwenye vibarua vya kubangaiza wanarudi kwenye mashamba yao. Kwa hivyo ukiwa wewe ndiye mwenye kuajiri, ni kweli, kwa macho yako watu wamekuwa "wavivu". Ila ungetembea hatua mia mbili ungewakuta wameinama kwao.

Kuhusu lile dai la kawaida kwamba pesa hizi zinaishia kwenye pombe nisipoteze muda. David Evans na Anna Popova walipokuwa Benki ya Dunia walikusanya tafiti za Amerika ya Kusini, Afrika na Asia kuhusu swali hilo hilo, na karibu zote zilionyesha pesa za msaada haziongezi matumizi ya pombe na sigara, na kwingine yalipungua. Walevi wapo, kama vile walivyo kwa wenye mishahara, na hakuna anayesema mishahara isimamishwe.

Sasa tuje kwetu Kenya. Kaunti ya Siaya, kati ya 2014 na 2017, shirika la GiveDirectly lilipatia zaidi ya familia 10,000 kama dola 1,000 kila moja, ndani ya eneo lenye vijiji 653, na walioangaliwa hawakuwa waliopata tu, hata majirani na wenye maduka. Watu wengi waliogopa bei za vitu zitaruka. Bei zilipanda kwa kama asilimia 0.1, yaani hata hungejua. Kila dola 1 iliyoingia ilizungusha kama dola 2.5 kwenye uchumi wa pale, na wale ambao hawakupewa hata senti pia matumizi yao yalipanda kwa sababu aliyepewa alinunua kwao, akamwita fundi, akamlipa wa kubeba.

Kitu kimoja ambacho watu hucheka sana ni mabati. Ati mtu amepewa pesa badala ya kuwekeza amenunua mabati. Anayecheka hajawahi kulala chini ya nyasi zilizooza. Paa la nyasi halikai, kila baada ya muda mfupi unanunua nyasi tena, unalipa wa kuezeka tena, mvua kubwa ikipiga mnahamisha magodoro usiku, na kama gunia lako la mahindi limelowa ushaingia hasara ambayo hakuna mtu ataiandika popote. Mwenye mabati ameacha kulipa hiyo kodi, halafu akiweka tu mfereji na pipa anakinga maji ya mvua. Kama huo si uwekezaji basi sijui mnatumia kamusi gani.

Lakini hapo mimi nina neno na wanaotoa pesa pia, si hao wa kulalamika peke yao. Shida ya mkulima mara nyingi si pesa ngapi, ni pesa LINI. Chukulia wakati wa kuvuna. Kila mtu ana mahindi, kila mtu anadaiwa, karo inangoja, basi anauza yote bei ikiwa chini kabisa, na miezi michache baadaye huyo huyo anaenda sokoni kununua mahindi bei ikiwa juu, pengine ni gunia lake mwenyewe lililolala kwa dalali. Huku kwetu Bungoma watafiti walijaribu kuwapa wakulima mkopo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza, utafiti ukatoka 2019, na waliopata waliweka mahindi wakauza baadaye wakapata zaidi. Tena pale ambapo wengi walipata, hata bei ya soko ilitulia kidogo, haikuanguka sana wakati wa mavuno. Yaani pesa ile ile, iletwe mwezi ambao mtu ashauza, imekuwa ya kununulia alichouza.

Halafu kuna swali la kupewa zote kwa mpigo ama kidogo kidogo. Kuna mpango mwingine hapa Kenya ambapo vijiji vingine viliahidiwa pesa kila mwezi kwa miaka 12, vingine kila mwezi kwa miaka 2, na vingine vikapewa ya miaka 2 yote mara moja. Waliopewa mara moja walianzisha biashara nyingi kuliko wale wa kila mwezi miaka 2. Na wale wa miaka 12 unajua walifanya nini? Wakaingia vyama vya kuzungushiana, kila mwezi wanachanga mmoja anabeba, yaani wakajitengenezea mpigo wenyewe bila semina ya mtu. Mama wa kijijini anajua ng'ombe hanunuliwi mguu mmoja mmoja.

Sisemi hakuna ubaya. Utafiti wa kwanza wa pesa za GiveDirectly, kule Rarieda, hukohuko Siaya, ulionyesha majirani waliorukwa wakiona wenzao wamepanda roho zao ziliuma, kuridhika na maisha kukashuka, na hiyo mimi naielewa kabisa. Ukichagua nyumba hii kwa sababu ni ya nyasi ukaacha ile ambayo ni maskini vilevile lakini ina bati mbili za kuazima, umepanda uhasama utakaokaa kuliko pesa. Tena pesa haijengi barabara wala haileti daktari, hiyo kazi ya serikali inabaki palepale.

Na kuchelewa. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, inalipa wazee wa miaka 70 kwenda juu shilingi 2,000 kwa mwezi, na tumesikia mara ngapi kuwa malipo yamechelewa halafu yanakuja ya miezi kadhaa pamoja bila mtu kuambiwa mapema? Ofisini hiyo inaitwa limbikizo, imelipwa, kitabu kimefungwa. Kwa mzee aliyetegemea anunue mbegu kabla ya mvua ya Machi, pesa iliyokuja Mei ni ya kununua chakula, imeliwa, na hapo ndipo mtu atapita aseme si mnaona, wanakula tu. Naomba kitu kidogo sana: tarehe itangazwe na isibadilishwe, na angalau malipo moja kubwa kwa mwaka yaangukie kabla ya kupanda. Haiongezi hata shilingi kwenye bajeti.

Nirudi kwa uvivu nimalize. Mwaka 2025 yalitoka matokeo mengine ya zile pesa za Siaya, safari hii wameangalia watoto. Vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilipungua karibu nusu kwenye familia zilizopata, hasa zile zilizo karibu na kituo cha afya. Sababu moja ni kwamba akina mama wengi zaidi walijifungulia hospitali. Nyingine, na hii ndiyo nataka yule bwana asome mara mbili, ni kwamba wale wamama walipunguza sana kufanya kazi miezi ya mwisho ya ujauzito na miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Mwenye mimba ya miezi minane hakuinama na jembe kwenye shamba la mtu. Aliitwa akasema leo hana nafasi.

Kama bado anakosa watu wa kumlimia, dawa iko. Aongeze malipo.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.