Raya, pasi yako ikae kwako

Mtambwe, Pemba

Assalaamu alaykum mwanangu Raya,

Barua hii nampa Hamad aje nayo kwa boti ya kesho kutoka Mkoani. Kwenye simu unaniitikia "sawa mama, sawa mama" kabla sijamaliza, na mimi nina maneno ambayo nataka uyasome mpaka chini.

Ulipopiga kusema viza imetoka na safari ni Jumatatu, tulikuwa barazani tunachambua karafuu. Nikasema alhamdulillah kwa sauti ili wenzangu wasikie, wakanipa hongera wote. Binti yangu anakwenda Muscat, Omani, kusomesha hisabati. Fahari ninayo, usije ukadhani sinayo. Lakini usiku sikupata usingizi, na kilichoninyima usingizi ni pasi yako. Raya, pasi yako ikae kwako.

Utasema mama anachanganya mambo, Riziki wa mama yako mkubwa alikwenda kuwa mtumishi wa nyumbani na wewe ni mwalimu mwenye shahada na mkataba. Hilo nalijua. Ulinisomea mwenyewe sheria yao mpya ya kazi ya mwaka 2023, kwamba mwajiri haruhusiwi kuzuia pasi ya mfanyakazi. Ulisoma kwa furaha, ukapita mbio juu ya maneno yaliyofuata: ila kwa ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi. Mimi nimelala na maneno hayo. Unafika hujalala, joto la Agosti limekupiga usoni, unawekewa rundo la karatasi, tia saini hapa, na hapa, na hapa. Kiarabu chako ni cha msahafu, mwanangu, cha mikataba hujakisoma. Ile unayoielewa itie saini. Ile usiyoielewa waambie nitaileta kesho, uende ukasomewe na mtu asiyelipwa na wao.

Siku za mwanzo wataitaka pasi, na hapo sina ugomvi nao. Lazima upimwe afya na kuchukuliwa alama za vidole ndipo upate kadi ya ukaazi, na pasi hutakiwa huko. Wape, lakini wakupe karatasi yenye tarehe na jina la aliyeipokea. Hesabu siku. Kadi ikitoka, nenda mwenyewe ukaidai pasi, usingoje kuletewa. Wakikwambia tunakuwekea salama, waambie mama yangu ameniambia niiweke mwenyewe. Nitaje mimi, sina haya kutajwa. Na ubalozi wetu uko huko huko Muscat. Namba yake iandike kwenye daftari, maana simu huzima na huibiwa.

Ya Riziki unayajua kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuwa ukizungumza naye usiku kwa kunong'ona. Mama yako mkubwa tulimzika bintiye hayupo, na pasi ya mtoto imo kabatini kwa tajiri wake. Watu hapa mpaka leo wanamlaani wakala. Wakala alifikia kwetu kwanza, akanywa chai barazani pangu, na aliyekwenda kumwambia mama yako mkubwa "mwache mtoto akatafute, watoto wa wenzio wanajenga" hakuwa wakala.

Basi, tuliache hilo.

Sikupenda ulivyonificha. Kazi umeomba tangu Shaabani, nami nikaja kusikia kwa Bi Asha tukiwa kisimani, nikajifanya najua. Na kwa kuwa tumefika kwenye kufichana: ile pasi uliyoitafuta Ramadhani nzima, mpaka ukaenda kuuliza Uhamiaji namna ya kupata nyengine, ikaonekana sandukuni mwangu chini ya kanga za harusi, haikwenda pale kwa miguu yake. Nilidhani ukichelewa watampa kazi mtu mwengine. Nilipoitoa hukuuliza, ukanishukuru kwa kuipata. Bora ungegomba.

Huko wiki yao inaanza Jumapili, mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa usiniambie umechoka hukuwahi kupiga simu. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja tu. Muscat si Mji Mkongwe ukasema nakwenda hapo kwa miguu nanunua mkate narudi. Mji umejinyoosha baina ya bahari na milima, mtaa na mtaa ni safari ya gari. Kabla hujakubali nyumba uliza skuli ina basi la walimu au utalipa teksi mwenyewe, maana teksi za kila siku zitakula mshahara. Na jua lao si letu. Juni mpaka Agosti serikali yao hukataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana, sasa wewe usitoke wakati huo kwenda kununua vitunguu.

Wengi wao ni wa madhehebu ya Ibadhi, wanasali mikono chini. Usishangae, wala usibishane na mtu. Watu wa kwetu pia utawakuta, wazee walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na wajukuu zao wanaosema Kiswahili chenye lafudhi ya huko. Watakuuliza wewe mtoto wa nani, Pemba ya wapi. Jibu kwa adabu, kula halua yao, kunywa kahawa yao. Yakija mazungumzo ya nani alinyang'anywa shamba, nyamaza usikilize. Eka tatu tunazochuma sisi unajua zilitoka wapi.

Wenzio katika nyumba ya walimu watakuwa wageni kama wewe, Wamisri, Wafilipino, Waafrika Kusini. Wapikie pilau mara moja mapema, mtu aliyekula kwako atakubishia mlango ukiumwa. Mwenye pasi ya Uingereza huenda akalipwa zaidi yako kwa kazi ile ile, umeniambia mwenyewe, na najua litakukera maana hesabu hukosei. Usiache kazi kwa hasira. Maliza mkataba, kisha wadai, au uhamie kwengine ukiwa na pasi yako mkononi.

Baibui lako jeusi la zari ulilisahau, nimelitia kwenye mkoba wa Hamad. Nimetia na mdalasini, na karafuu kidogo za mwanzo. Za mwaka huu ni nzuri lakini mvua inatuchezea. Juzi tumeanika asubuhi, adhuhuri tukawa tunakimbia na majamvi. Wachumaji wanataka kulipwa jioni kwa jioni, na mjomba Faki anasema mkarafuu mkubwa wa nyuma ya kisima tusimpandishe mtu, matawi yameoza. Mabati ya jikoni yanavuja pale pale. Usishughulike nayo. Fedha usinitumie miezi mitatu ya mwanzo hata nikiomba, na nikiomba uninyime. Kwanza weka nauli ya kurudi, iwe yako, mahali unapopajua wewe, ili siku ukitaka kuondoka usimwombe mtu.

Wanafunzi wako wa Wete wamepita jana kukuuliza. Yule mdogo mwenye kigugumizi ametaka kujua nani atawafundisha hesabu za sehemu. Sikuwa na jibu. Mpigie mwalimu mkuu kabla hujaondoka, usiondoke kimya kimya kama mtu anayedaiwa.

Baba yako anakusalimu. Hasemi kitu, lakini redio ameihamishia chumbani kwako, analala huko mchana.

Hamad akishuka boti, kabla hamjala, nendeni mkatoe nakala ya pasi, kurasa zote zenye maandishi na ule wa viza, na nakala ya mkataba. Moja kaa nayo wewe mbali na pasi yenyewe, moja mpe Hamad aniletee. Nitaitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe, niifunge na hati ya shamba. Safari hii nitakwambia nimeiweka wapi.

Mama yako